Sumu Iko Guniani, Haiko Maabarani

Jumapili moja mhubiri wa kanisa la mabati huko Kayole, Nairobi, aliiacha Biblia wazi kwenye mimbari akaanza kuwahutubia kina mama kuhusu unga. Saratani imejaa mitaani, alisema, kwa sababu watu wameiacha mbegu aliyoiumba Mungu na kukimbilia mbegu za maabara. Akawaonya dhidi ya GMO, yaani mazao yaliyobadilishwa jeni, akawaagiza warudi kwenye chakula cha kienyeji. Amina zikasikika hadi stejini. Saa nane mchana waumini haohao walikuwa nyumbani wakila ugali wa mahindi meupe, sukuma wiki na nyanya, na katika sahani hiyo hakuna hata kimoja ambacho wazee wa sehemu hizi wa karne ya 14 wangekitambua.

Imani hiyo si ya kanisa moja. Kwenye matatu za Umoja na vibanda vya vinyozi wa Dandora, GMO limekuwa jina la chochote kikubwa au chochote kilichokua haraka. Nyanya ya mviringo isiyooza upesi ni GMO. Kuku broila ni GMO. Avokado ya kupandikizwa ni GMO, ingawa kilichofanyika ni fundi wa miche kukata kikonyo kwa kisu na kukifunga kwa nailoni. Hata kijana aliyenenepa akiwa kidato cha kwanza huitwa GMO. Hakuna kuku wa GMO anayeuzwa katika soko la Burma wala la Kariobangi. Broila alipatikana kwa kuchagua majogoo na mitetea kizazi baada ya kizazi. Lakini anayeeleza hivyo huambiwa amelipwa na mabeberu.

Basi na tuyaangalie hayo mahindi ya Mungu. Yalianzia Mexico yapata miaka 9,000 iliyopita, kwenye nyasi iitwayo teosinte yenye punje chache zilizofungwa ndani ya maganda magumu kama kokoto. Wakulima wa huko waliibadilisha kwa mikono yao mpaka ikawa na gunzi. Wareno ndio wanaotajwa kuyaleta pwani yetu katika karne ya 16. Mwaka 1964 kituo cha utafiti cha Kitale kilitoa H611, mseto uliobadilisha kilimo cha nyanda za juu, na mzazi wake mmoja, Ecuador 573, alitoka Amerika Kusini. Huo ndio ukoo wa unga ambao mtu wa Kayole huuita wa asili.

Chapati nayo? Mwaka 2001 Kenya ilitoa aina ya ngano iitwayo Njoro-BW1, iliyopatikana kwa kuzipiga mbegu miale ya nyuklia ili jeni zake zibadilike ovyo, kisha watafiti wakachagua zilizostahimili ukame. Mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Eldoret kikafuata na Eldo Ngano 1, iliyopatikana kwa njia hiyohiyo, ili kukabiliana na Ug99, kutu ya ngano iliyogunduliwa Uganda mwaka 1998. Hakuna mhubiri aliyewahi kukemea chapati.

Na ngwaci, yaani kiazi kitamu, kile kiamsha kinywa kinachosifiwa kuliko mkate? Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent na Kituo cha Kimataifa cha Viazi cha Lima walichunguza sampuli 291 za viazi vitamu vinavyolimwa. Zote zilikuwa na jeni za bakteria wa udongo aitwaye Agrobacterium, zilizoingia zenyewe maelfu ya miaka iliyopita. Bakteria huyohuyo ndiye wanasayansi wanayemtumia kuhamisha jeni maabarani. Kila anayemenya kiazi kitamu asubuhi anakula kile anachokiogopa, na hajawahi kudhurika.

Ukweli unaouma uko kwingine. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na wilaya jirani, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi. Hayakutoka kwenye maabara yoyote. Mengi yalilimwa na familia zenyewe, yakahifadhiwa nyumbani yakiwa hayajakauka, yakaota kuvu iitwayo Aspergillus flavus. Kuvu hiyo hutoa aflatoksini, sumukuvu ambayo shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa limeiweka katika kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitishwa kuleta saratani kwa binadamu. Hulishambulia ini. Moto wa jikoni hauimalizi: ugali usongwe uive vipi, sumu inabaki.

Na kuvu hiyo ipo Eastlands, upande wa mashariki wa Nairobi ilipo Kayole. Mbele ya mashine ya posho mama humimina gorogoro la mahindi kwenye beseni. Punje nyingi ni nyeupe, lakini kwenye kiini cha baadhi yake pana vumbi la kijani na manjano, na nyingine zimetobolewa na funza. Akiwa na muda, huchambua. Asipokuwa nao, zote huingia kinuni. Na zilizochambuliwa hazitupwi. Huishia kwenye chakula cha ng'ombe, na sumu inarudi mezani ndani ya maziwa ya chai.

Hapa ndipo mhubiri anapowadhuru waumini wake. Tundu la funza ndilo mlango wa kuvu. Mahindi ya Bt, ambayo KALRO, shirika la Kenya la utafiti wa kilimo na mifugo, iliyajaribu Kitale na Kiboko, yana jeni ya bakteria inayotengeneza protini ya kuua viwavi wanaotoboa bua na gunzi. Bakteria huyo, Bacillus thuringiensis, hunyunyizwa kwenye mboga na wakulima wa kilimo-hai duniani kote, watu wanaojitapa kwamba hawagusi kemikali. Mwaka 2018 watafiti wa Pisa, Italia, walijumlisha matokeo ya miaka 21 ya mashamba ya mahindi hayo wakakuta sumukuvu imepungua kwa asilimia 28.8. Mbegu inayolaaniwa madhabahuni ndiyo yenye sumu kidogo.

Wapo wanaosema mahindi hayo huwafanya wanaume wasizae. Watu wa Soweto, Afrika Kusini, wamekula mahindi meupe ya GMO tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Shule zao zimejaa watoto.

Hofu hii ilipewa muhuri na serikali. Septemba 2012 Mfaransa Gilles-Éric Séralini alichapisha picha za panya waliolishwa mahindi ya GMO, wakiwa na uvimbe mkubwa. Novemba mwaka huohuo baraza la mawaziri la Rais Kibaki likapiga marufuku uagizaji wa GMO. Panya hao walikuwa wa aina ambayo huota uvimbe ovyo inapozeeka, na jarida lililochapisha utafiti huo liliuondoa Novemba 2013. Marufuku ilikaa hadi Oktoba 2022. Ilipoondolewa, waziri wa biashara Moses Kuria akasema kuishi Kenya tu kunamweka mtu kwenye foleni ya kifo, kwa hiyo hakuna ubaya kuongeza GMO. Kauli moja ya mzaha ikafuta kazi ya miaka ya watafiti wa nchi hii.

Wanaojali saratani Eastlands wana mengine ya kuyakemea. Mwaka 2007 utafiti wa shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa uliwapima watoto wanaoishi karibu na jaa la Dandora, na nusu yao walikutwa na madini ya risasi kwenye damu kupita kiwango kilichokubalika. Sukuma inayomwagiliwa maji machafu ya Mto Nairobi huuzwa mitaani kila jioni, na watu huipenda kwa vile ni kijani kibichi. Nani alihubiri juu ya hilo?

Watafiti wetu hawajalala. Katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, Profesa Steven Runo na wenzake wanahariri jeni za mtama ili gugu la striga, wanaloliita kayongo kule Nyanza, lisiamshwe na mizizi yake. KALRO hutengeneza Katumani dawa ya Aflasafe, ambayo ni kuvu isiyo na sumu inayotawanywa shambani iifukuze ile yenye sumu. Wanastahili kusikilizwa kuliko sauti ya spika.

Mhubiri wa Kayole, na kila mzazi anayemwamini, aanzie hapa: kabla ya kununua gunia, aulize limepimwa unyevu lini. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Kenya ni asilimia 13.5. Muuzaji asiyejua jibu, asinunuliwe.