Wacha Kuvuta na Maus, Andika Namba

Leo nitakosana na watu, na wengine wenu ni mabeshte zangu kabisa. Ni sawa. Kama wewe ni dizaina, na ukitaka mstatili wa sentimita 40 unashika kona unavuta na maus mpaka "ikae poa", hapo hujachora kitu. Umekisia. Na umekisia na pesa ya mtu mwingine.

Najua kwa sababu hiyo tabia ilikuwa yangu, na nilikuwa mbaya kuliko wewe. Niliacha chuo kikuu mwaka wa pili karo iliponishinda, nikarudi Kitengela na laptopu moja na Inkscape. Inkscape ni ya bure, ndio sababu. Nikaanza kuwarushia video: logo kwa dakika tano, posta kwa dakika tatu, stika ya nduthi kwa dakika mbili. Zirudie hizo video zote. Hakuna hata moja nimeandika namba. Navuta, nafinya jicho kidogo kama mtu anajua kitu anafanya, navuta tena. Na mlipenda sana.

Halafu ikaja kazi ya mama wa mandazi.

Huyu mama anauza mandazi na samosa karibu na steji, kando ya Namanga Road. Kama unajua Kitengela unajua vumbi letu. Lori moja likipita, mandazi inabadilika rangi. Akataka kisanduku cha akriliki, ile ya kuonyesha ndani, milimita 3, upana 400, kimo 300, avifunikie vitu vyake. Nikamwambia, "Mama, hiyo ni kazi ya siku moja." Akaniambia, "Haya kijana wangu," akanihesabia elfu mbili ya kwanza, noti za mia mia, zingine zikiwa na unga.

Kisanduku kama hicho kinashikana kwa meno. Jino la upande huu linaingia kwenye pengo la upande ule, unapaka gundi, umemaliza. Meno yangu nilivuta na maus. Kwa skrini yalikaa sawa kabisa, hata nilipiga picha nikaposti. Mbele ya kisanduku tu ndio niliandika namba, 400, kwa sababu mambo ya lesa yalinitisha kidogo.

Fundi wa lesa alikata vipande vyote bila kusema kitu. Kushikanisha, hakuna kilichoingia. Jino moja lilikuwa milimita 2.6, lingine 3.4. Na ule upande wa mbele niliojisifu nao, ukipimwa na rula, ni 399. Nikaanza kumuuliza fundi kama mashine yake iko na shida. Akanitazama. "Boss, mashine haijui ulichotaka. Inakata kilicho kwa faili." Akaendelea na chai yake.

Akriliki nyingine nilinunua na pesa yangu. Lakini hiyo si ndio iliniuma. Kilichoniuma ni kwamba mama alikuwa ameahidiwa Alhamisi, akapata kisanduku Jumatatu, na wikendi ndio soko lake. Aliuza nusu. Hakunitukana hata kidogo. Aliniuliza tu, "Kwani kompyuta haiwezi kupima?"

Inaweza. Ni mimi sikuwa nataka kupima.

Sasa wacha niwaonyeshe ile milimita moja ilienda wapi, kwa sababu hii kitu hakuna mtu alinifundisha na inakula watu kila siku. Fungua Inkscape, chora mstatili wa 400 kwa 300. Uwekee mstari wa pembeni wenye unene wa milimita 1. Ukiwa bado umeshika zana ya mstatili, pale juu inasoma 400. Sasa bonyeza ule mshale wa kuchagua. Juu inasoma 401. Mstatili ni ule ule, hujaugusa! Zana ya mstatili inapima umbo lenyewe. Mshale unapima mpaka pale wino unaishia, na nusu ya unene wa mstari hukaa nje ya umbo, kila upande. Kwa hivyo mimi niliposhika mshale nikaandika 400, programu ilinitii: wino 400, umbo 399. Na lesa haina habari na wino. Inafuata umbo.

Dawa ni ya nusu dakika. Ingia kwa mapendeleo ya programu, sehemu ya zana, uiambie ipime umbo la jiometri, iachane na kinachoonekana. Illustrator kwa kawaida huja tayari ikipima umbo bila mstari, ndiyo maana mtu anatoka huko anakuja Inkscape anaanza kusema ati programu ya bure ni takataka, namba zinaruka. Haziruki. Anapima kitu tofauti na hajui.

Kuna nyingine ya kushangaza. Inkscape 0.92 ilipotoka mwaka wa 2017, ilibadilisha hesabu ya pikseli kwa inchi, kutoka 90 hadi 96. Maana yake, ukifungua faili la kabla ya hapo bila kulirekebisha, umbo la milimita 100 linaweza kutokea likiwa 93.75. Programu yenyewe inakuuliza kabla ya kufungua. Wewe unabonyeza sawa bila kusoma, unapeleka faili la logo la 2015 kwa printi, halafu unapigana na mtu wa printi.

Najua utaniambia nini. Utaniambia mteja haoni milimita. Nimesikia hiyo mara mia, na mimi mwenyewe niliwahi kuisema nikiwa naringa. Ni kweli mteja haoni milimita. Lakini mlango wa kioo unaona, fremu ya chuma inaona, na kadi ya ATM ina 85.60 kwa 53.98, hata kama mteja hajawahi kusikia hizo namba. Chora kadi ya wanachama wa chama yenu ya 87 kwa 55 uone kama itaingia kwa mfuko wa kadi wa waleti. Huyo mteja haoni, ndio, lakini ataisukuma, itakataa, na jina lako liko nyuma ya kadi.

Na kuna zile tunaziona wote tunanyamaza. Bendera.

Bendera ya Kenya ina hesabu yake. Kimo kwa urefu ni 2 kwa 3. Nyeusi sehemu 6, nyeupe 1, nyekundu 6, nyeupe 1, kijani 6. Jumla 20. Hiyo imekuwa hivyo tangu 12 Desemba 1963, na katikati kuna ngao ya Kimaasai. Sisi tunaishi Kajiado, nyumbani kwa wenye hiyo ngao. Lakini ikifika Oktoba na Desemba, sikukuu zikikaribia, angalia stika zinazotoka huku kwetu. Nilinunua moja kwa barabara nikaipima. Kimo milimita 80, kwa hivyo kila sehemu ni 4, na mstari mweupe ulifaa kuwa 4. Wa juu ulikuwa 9, wa chini 7. Ngao imefinywa kama chapati iliyoanguka. Na Juni 2024 hii ndiyo bendera tulijifunga mabegani tukaenda nayo tao! Mtu aliyeichora ni kijana kama mimi, alivuta mstari wa kwanza, akaunakili, akavuta tena.

Kwa namba ingemchukua dakika mbili. Kimo 200, urefu 300, kila sehemu ni milimita 10: 60, 10, 60, 10, 60. Hata hesabu usifanye, Inkscape inakufanyia. Pale kwa kisanduku cha kimo andika 80/20*6, bonyeza ingiza, inakupa 24. Unaweza kuchanganya hata inchi na milimita, itageuza yenyewe. Tumekaa na hiyo kitu hapo juu ya skrini miaka yote tukivuta na maus kama watu wanavuta ng'ombe.

Wengine mtasema mimi nimekuwa mhandisi, dizaini ni sanaa, ni hisia, namba zinaua roho ya kazi. Nilikuwa Kajiado mjini siku moja nikamkuta yeyo mmoja anafuma bangili ya shanga, anaongea na wenzake, hata haangalii mikono. Nikamuuliza anajuaje mahali pa kubadilisha rangi. Akasema anahesabu. Nikamuuliza, kila moja? Akanijibu kama mtu anajibu mtoto: "Usipohesabu, pale mwisho haitakutana." Nenda umwambie yeye kwamba kuhesabu kunaua sanaa. Mimi sitakuwa hapo.

Nitawapa moja, kwa haki. Kuna mahali jicho linashinda rula. Ukichora duara na mraba vyenye kimo sawa kabisa, duara litaonekana dogo. Ndiyo maana kwenye fonti nzuri herufi O inazidi H kidogo, juu na chini. Hapo jicho liko sahihi na namba inadanganya. Sasa skia: hata hapo, ukishaona kwamba duara linataka kuzidi kwa milimita 1.5, unaandika 1.5. Kesho mteja akitaka bango la mita tatu la logo ile ile, unajua ulifanya nini. Aliyevuta hajui. Ataanza tena kufinya jicho.

Reli ya kwenda Magadi inapita hapo Kajiado mjini. Upana wake ni milimita 1,000, ile ya zamani. SGR ni 1,435. Behewa la moja haliwezi kukanyaga nyingine, na hakuna mtu amewahi kusimama hapo akasema ati wacha tuone kama itakaa poa. Na sisi tunaenda kwa mtu anayeanza duka, mtu ameuza mbuzi apate bango la kwanza la maisha yake, tunampimia kwa jicho.

Na hii ndiyo inanichoma zaidi. Wengi wetu kwa hii kazi hatuna karatasi. Mimi sina digrii, wewe labda ulitoka sekondari ukaingia saiba ukajifunza pale. Mtu mwenye digrii akikosea, ako na karatasi ya kujificha nyuma yake. Mimi nikikosea watu wanasema, si unaona, ndio maana aliacha shule. Faili langu likitoka kwa lesa mara ya kwanza, likashikana, hakuna mtu ataniuliza niliacha mwaka wa ngapi. Yule fundi wa chai siku hizi hufungua faili zangu bila kupima. Hiyo ilinichukua miezi minane.

Zile video zangu za zamani nimezitoa zote, hata ile ya logo mlioipenda sana. Msiniulize. Nitazirekodi upya polepole, na kila umbo litakuwa na namba yake.

Kwa sasa, kama bado unabisha, chora bendera. 300 kwa 200, na mistari yote mitano. Nitumie faili lenyewe, picha ya WhatsApp sitaki. Nitalifungua nibonyeze ule mstari mweupe wa chini kwanza.