Udugu wa Kabila na Udugu wa Jasho

Ipo imani iliyoenea kandokando ya ziwa letu la Victoria, kuanzia Magu hata Sengerema na kuvuka maji mpaka Ukerewe, ambayo watu wenye akili zao huikariri bila kuitahini, kwamba mnyonge hunusurika pindi mtu wa kabila lake apatapo cheo au mali, kwa kuwa mwenzetu, hata akidhulumu, hudhulumu kwa kiasi. Wenye imani hiyo hujikinga kwa methali ya wahenga ya kuwa zimwi likujualo halikuli likakwisha. Nathubutu kusema kwamba imani hii ni batili, na kwamba mkulima wa pamba na mvuvi wa sangara wamelipa ghali kwa kuiamini.

Nenda mwaloni Igombe alfajiri, wakati mitumbwi inaporudi. Katika mtumbwi mmoja utawaona vijana wanne, yamkini Msukuma, Mjita, Mkara na Muha, waliokesha pamoja majini, wakala ugali wa sufuria moja na kulowa mvua ile ile. Sangara huwekwa juu ya mizani ya wakala, kwa bei waliyoikuta imekwisha kupangwa. Kisha tajiri mwenye mtumbwi, nyavu na injini hutoa kwanza gharama za petroli, barafu na chakula, akajitengea fungu lake, ndipo masalio yakagawanywa baina ya wale wanne. Tajiri akiwa Mjita, je, humsamehe Mjita mwenziwe deni la petroli? Asilani, humsalimu kwa lugha ya nyumbani, kisha humkata sawasawa na wengine, na salamu ile ndiyo humzuia kijana yule asiulize hesabu mbele ya wenzake.

Karl Marx aliliona jambo hili mwaka 1870, alipowaandikia rafiki zake wawili waliokaa Marekani habari za wafanyakazi wa Uingereza. Mwingereza alimwona Muairishi kuwa mshindani ampunguziaye ujira, na Muairishi akamwona Mwingereza kuwa mshirika wa watawala wa kisiwa chake. Na uhasama huo, uliochochewa magazetini na mimbarini, ndio uliokuwa siri ya udhaifu wa tabaka zima la wafanyakazi mbele ya matajiri waliowaajiri wote wawili.

Wala hatuna haja ya kusafiri hata Ulaya kutafuta ithibati. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya Mwingereza iliwakusanya watemi wa Usukuma katika shirikisho moja lenye makao yake Malya, ikalitukuza kabila. Lakini TANU, chama cha kupigania uhuru kilichowaita watu wa makabila yote kwa jina moja, kilinyimwa idhini ya kufungua matawi Usukumani tangu 1954 hata 1958. Mtawala hakuliogopa kabila. Aliogopa watu kuungana kwa lililowauma wote. Na lililowauma wote lilikuwa mizani ya pamba. Wakulima waliochoshwa na kupunjwa na wanunuzi walikusanyika pamoja na mwanaushirika Paul Bomani, wakajiwekea wapima wao wenyewe, na mwaka 1955 wakaunda Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo baada ya miaka michache lilihesabiwa miongoni mwa mashirika makubwa kabisa ya ushirika barani Afrika. Hawakuulizana kabila, kwa kuwa pamba ya Mzinza na ya Mkerewe ilipunjwa kwa mizani ile ile.

Lakini insafu inatutaka tuseme na la pili. Uhuru ulipopatikana, na wenzetu wakashika mizani, wengi walidhani dhuluma imeondoka pamoja na enzi ya Wahindi wenye viwanda vya kuchambulia pamba. Hata tume ya serikali ya mwaka 1966 ilipochunguza vyama vya ushirika nchini, ikakuta ubadhirifu, upendeleo na viongozi wasiohojiwa na wanachama. Jina la mpimaji lilikuwa limebadilika, ila hesabu yake ilibaki haiulizwi.

Atasema msomaji: ikiwa udugu wa kabila ni hadaa, basi utaifa nao ni hadaa? La. Mwanamapinduzi Rosa Luxemburg alishikilia kwamba taifa si kitu kimoja, maana ndani yake mna matabaka yasiyo na maslahi sawa, na katika hilo alisema kweli. Lenin akamjibu mwaka 1914 kwamba taifa linalokandamizwa lina haki ya kujitenga, ila wafanyakazi wake wasiache kuungana na wenzao wa upande wa pili, na katika hilo naye alisema kweli. Lililobaki ni kuuliza nani anafaidi. Katanga ilipojitenga na Kongo tarehe 11 Julai 1960, bendera ilikuwa ya kiongozi wake, Tshombe, lakini nguvu ilikuwa ya Union Minière, kampuni ya shaba, na ya askari wa Ubelgiji. Ilhali Nyerere alipoitambua Biafra, iliyojitenga na Nigeria, tarehe 13 Aprili 1968, hoja yake ilikuwa uhai wa watu waliokuwa wakiuawa, wala si mali ya wakubwa wao. Anayeyachanganya mambo haya mawili ama hajui, ama ana mgodi wake.

Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa ziwa hili baada ya habari za uvuvi wa sumu, haukumbagua Mganda, Mkenya wala Mtanzania. Hasara iliingia mialoni pande zote tatu. Hata hivyo, miaka kumi baadaye Kenya na Uganda ziligombania Migingo, mwamba wa ziwani usiofikia hata ekari moja, na wako wavuvi walioanza kutazamana kwa jicho la uadui, hali sangara wao walikuwa wakienda katika soko lile lile.

Kwa hiyo, siku atakapokujia mtu akitaka umchague au umfuate kwa kuwa ni mwenzetu, usimwulize kwao ni wapi. Mwulize bei ya samaki hupangwa na nani, mizani hukaguliwa na nani, na daftari la mgao hufunguliwa mbele ya nani. Akishindwa kujibu, huyo si mwenzako, hata kama mlinyonya ziwa moja.