Vijana wa KMT, fulana zimetosha

KANDO YA ZIWA
Na Bhoke Wambura

Ukimtafuta kijana wa Kanisa la Mennonite Tanzania Jumamosi jioni, nenda kwenye mazoezi ya kwaya. Utamkuta. Sauti ya tatu wanarudishwa mwanzo kwa mara nyingine, mpiga kinanda anabishana na fundi wa spika, mwenyekiti anapita na daftari la michango ya sare za kongamano. Siisemi vibaya kwaya. Kwaya imetulea wengi, na kuna watu Musoma na Tarime ambao wasingekanyaga kanisani kama si kwaya. Ninachotaka kujua ni imani hiyo inafanya kazi gani ikifika Jumatatu.

Nikiuliza, jibu ninalopewa ni "matendo ya huruma". Haya, tuyatazame. Kila umoja wa vijana ninaoufahamu una siku yake ya matendo ya huruma, mara nyingi moja kwa mwaka, karibu na Pasaka au Krismasi. Inakodiwa Coaster. Zinachapishwa fulana zenye jina la umoja kifuani na mstari wa Biblia mgongoni. Inanunuliwa sabuni ya mche, sukari, dawa ya meno, na msafara unaelekea hospitali au kwenye kituo cha watoto yatima. Wodini, mgonjwa mwenye dripu mkononi anaombwa ajiinue kidogo, anashikishwa kipande cha sabuni, vijana wanajipanga nyuma ya kitanda. Picha. Kitanda cha pili. Picha. Saa nane mchana wameshakula wali kuku na picha zimeshajaa kwenye magrupu ya WhatsApp. Niliwahi kuonyeshwa hesabu za safari moja ya namna hiyo. Fulana na gari vilikuwa vimekula zaidi ya nusu ya fedha iliyochangwa.

Kijana simlaumu peke yake. Amekua akiona kwamba huduma ni kitu kinachokuja na gari, kinapokewa kwa vigelegele, halafu gari linaondoka. Na sisi wa kando ya ziwa hili tuna sababu ya kufikiri hivyo, maana tulianza kwa kuhudumiwa.

Mwanzoni mwa 1934 Wamarekani wawili walikuwa wakizunguka upande huu wa mashariki wa Ziwa Victoria wakitafuta mahali pa kuanzia kazi. Mmoja alikuwa Elam Stauffer, wa Pennsylvania. Wa pili alikuwa Orie Miller, mfanyabiashara wa viatu. Aliyewaelekeza huku ni Emil Sywulka, mmisionari wa Africa Inland Mission. Wakachagua Shirati. Wakaja Elizabeth, mke wa Stauffer, John Mosemann na mkewe Ruth, na baada yao wengine. Ikaja shule, ikaja zahanati iliyokua ikawa hospitali, vikafuata vituo vya Mugango na Bukiroba. Nusu ya watu niliosoma nao walizaliwa Shirati, na mimi ni mmojawapo. Deni la namna hiyo halilipiki, wala hakuna aliyetudai.

Ila huyo Orie Miller alikuja Shirati akiwa na mambo yake moyoni, na sidhani kama vijana wetu wamewahi kusimuliwa. Masomo ya vijana kuhusu Umennonite huanza na Menno Simons, padri wa Uholanzi aliyeacha upadri mwaka 1536, kisha yanakwenda kwa Dirk Willems, yule aliyerudi kumwokoa askari aliyekuwa akimfukuza juu ya barafu, naye akachomwa moto mwaka 1569. Ni habari nzuri na zinafaa kufundishwa. Lakini barafu iko mbali na mtoto wa Rorya. Kwa hiyo leo nawasimulia ya Clayton Kratz.

Mwaka 1920 Wamennonite wa Ukraine walikuwa katika hali mbaya. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipita vijijini mwao, mara jeshi hili, mara lile, mara magenge ya wanyang'anyi. Farasi wamechukuliwa, kwa hiyo hakuna wa kuvuta jembe. Homa ya tifasi inaua. Ndugu zao wa Marekani wakaunda kamati ya kuwasaidia, ndiyo MCC tunayoijua mpaka leo. Wakatumwa watu watatu: Arthur Slagel, Orie Miller mwenye umri wa miaka 28, na Clayton Kratz, mwanafunzi wa chuo cha Goshen, mtoto wa wakulima, ambaye alikuwa bado hajafikisha 24. Slagel akabaki Constantinople. Miller na Kratz wakavuka hadi Halbstadt, wakaanza kupanga jinsi ya kugawa chakula na nguo. Miller akarudi Constantinople kufuata mizigo, Kratz akabaki kuendelea na kazi.

Jeshi Jekundu likaingia. Kratz akakamatwa. Hakuonekana tena, na kaburi lake halijulikani mpaka leo.

Msaada ulichelewa lakini ulifika. Mwaka 1922 majiko ya MCC yalikuwa yakilisha watu wapatao 25,000 kwa siku, na kwa kuwa farasi hawakuwepo, zikapelekwa trekta aina ya Fordson kufufua mashamba. Na miaka 13 na kitu baada ya kumwacha mwenzake Halbstadt, Miller akawa anatembea kwenye vumbi la Rorya akitafuta mahali pa kujenga. Sijui usiku alikuwa akiwaza nini. Ninachojua ni kwamba hospitali niliyozaliwa mimi ilitafutiwa mahali na mtu aliyekwisha kuona huduma inavyoweza kumgharimu kijana.

Usinielewe vibaya. Sitaki mtoto wa mtu afe. Nataka tu ieleweke kwamba katika kanisa hili kijana hakuwekwa akiba ya kesho. Conrad Grebel na Felix Manz, waliokuwa kwenye kundi la Zürich lililoanza kubatizana Januari 1525, hawakufika miaka 30. Zedekia Kisare, aliyewekwa mwaka 1967 kuwa askofu wetu wa kwanza Mtanzania, alikuwa kijana wa Shirati wakati akina Stauffer wanafika. Sisi tumegeuza maneno "viongozi wa kesho" kuwa namna ya heshima ya kumwambia mtu akae benchi.

Kuna jingine linalowakalisha benchi, nalo ni pasipoti. MCC ina mipango ya kubadilishana vijana: IVEP, iliyoanza 1950, huwapeleka Marekani na Kanada kwa kujitolea, na YAMEN huwapeleka katika nchi nyingine za Kusini. Wachache wetu wamepata nafasi hizo na wamejifunza mengi. Tatizo ni wale ambao hawajapata. Nimekutana na vijana ambao neno huduma kwao linaishia kwenye fomu ya kuomba nafasi hiyo. Wakikosa mwaka huu wanasubiri mwakani, na katikati hapo hawamhudumii yeyote. Mtu yuko tayari kumwogesha mzee wa Manitoba, lakini mjane wa nyumba ya tatu kutoka kwao hajui hata jina lake.

Basi nianze na kidogo kinachowezekana wiki hii. Hospitali zetu, za kanisa na za Serikali, zinamtegemea ndugu wa mgonjwa. Muuguzi anachoma sindano na kugawa dawa. Anayeleta uji asubuhi, anayefua kanga, anayemgeuza mgonjwa asipate vidonda vya mgongo, anayemwaga chupa ya mkojo ni ndugu. Saa ya kuona wagonjwa ikifika geti linafunguliwa, wanaingia wenye hotpoti na chupa za chai. Sasa tafuta kitanda ambacho hakina hotpoti. Daima kipo kimoja. Ni mvuvi aliyetoka visiwani, au bibi ambaye watoto wako mgodini na simu hazipatikani, au kijana wa bodaboda aliyevunjika mguu ugenini. Wauguzi wanawajua, ukiuliza watakuambia, "Yule pale hana mtu." Ugali na dagaa kwa mtu mmoja havihitaji kamati. Vijana wawili kwa zamu, jioni mbili kwa wiki, nguo za kawaida, simu mfukoni. Umoja wenye vijana 20 ukipanga hivyo, zamu ya kila mmoja inarudi baada ya wiki tano. Ndugu wa wagonjwa wa jirani watauliza nyie ni ukoo gani. Hapo ndipo mtawaambia.

Hilo ni jepesi. Linalonisumbua zaidi ni amani, kwa sababu ndiyo iliyotutofautisha na wengine tangu zamani, na huku Mara ndiyo tunayoizungumza kwa uoga. Vijana wa Kimennonite wa Marekani enzi za vita vya Vietnam walikataa bunduki wakatumikia miaka miwili katika kazi za kiraia badala yake; baadhi walikuja Afrika kufundisha sekondari. Hapa kwetu kijana akimaliza kidato cha sita anaitwa JKT kwa mujibu wa sheria, na sijawahi kusikia mahubiri yanayomsaidia kulitafakari hilo, kwa upande wowote. Lakini tuiache JKT, wengi wenu hamtafika huko. Yowe linawafikia wote.

Wa Tarime wananielewa. Usiku yowe likipigwa kwamba ng'ombe wamevushwa, kila mwanaume anatoka na upinde, na anayebaki ndani kesho anaitwa mwanamke. Mapigano ya koo za Wanchari na Warenchoka hayajasahaulika. Mambo yalifika pabaya mpaka Serikali ikaunda kanda maalumu ya polisi ya Tarime na Rorya. Na katika hizo pande mbili, wanakwaya wa kanisa moja walikuwepo. Nauliza kwa nia njema: huyo aliyesimama na mwenzake jukwaa moja kwenye kongamano, wakalala bweni moja siku tatu, ana namba yake ya simu? Kama anayo, yowe likipigwa anaweza kumpigia kabla mshale haujatoka: ng'ombe wamepita wapi, nani ameonekana, wazee wenu wako tayari kukutana na wetu asubuhi? Atatukanwa na ukoo wake. Ataambiwa amewauza. Kama makongamano yana faida yoyote kubwa, mimi naiona kwenye hizo namba.

Wapo waliofanya magumu zaidi ya hayo. Michael Sharp, Mmennonite wa Marekani, alikwenda mashariki ya Kongo mwaka 2012 kufanya kazi na MCC na makanisa ya Kiprotestanti ya huko. Kazi yenyewe ilikuwa kuingia msituni na wenyeji, kukaa na makamanda wa waasi wa FDLR, kuwasikiliza wanachoogopa, na kurudi tena na tena mpaka baadhi ya wapiganaji wakubali kuweka silaha na kurejea Rwanda na familia zao. Aliuawa Kasai Machi 2017, wakati huo akiwa mtaalamu wa Umoja wa Mataifa, pamoja na mwenzake Zaida Catalán. Alikuwa na miaka 34. Namtaja kwa sababu ya alivyofanya kazi: alikwenda bila bunduki kuongea na mtu mwenye bunduki, na alikwenda zaidi ya mara moja.

La mwisho nimelichelewesha kwa makusudi. Ukeketaji wa wasichana chini ya miaka 18 ni kosa la jinai tangu sheria ya mwaka 1998. Takwimu za kitaifa za 2015/16 zilionyesha wanawake 32 katika kila 100 wa Mara wamekeketwa. Za 2022 zikaonyesha 28. Inashuka kwa mwendo wa kinyonga. Desemba ya msimu wa kukeketa, wasichana wanakimbilia nyumba salama za Masanga na Mugumu, wengine usiku, wengine pekupeku. Januari wanarudi nyumbani kusubiriwa na neno msagane, yaani asiyekeketwa, wanaloitwa kisimani, shuleni, hata na wadogo zao.

Kwaya zetu zinaimba kupinga ukeketaji, na video zinapendeza. Lakini baba hasikilizi kwaya. Baba anapiga hesabu ya ng'ombe: huyu akikeketwa ataleta wangapi, asipokeketwa nani atamwoa. Hesabu hiyo inashikiliwa na mvulana. Washenga wanapokwenda kwa niaba yake na kuuliza kama binti "amepita", yeye amekaa nyumbani kimya, fulana ya umoja wa vijana mwilini. Kijana wa kiume wa KMT akisimama mbele ya baba yake kabla ya Desemba, akasema ataoa asiyekeketwa na hataki washenga waulize, atakuwa amefanya kazi ambayo polisi hawaiwezi. Huenda baba akakataa kumtolea ng'ombe. Basi umoja wa vijana uchange. Ng'ombe wawili kwa ajili ya mwenzao hawashindi gharama ya kukodi Coaster na kuchapisha fulana miaka michache.

Nilimwambia mwenyekiti mmoja wa vijana jambo hili. Hakukataa. Alisema vijana wake watalijadili, ila watataka kwanza kujua watoto wa kiume wa wazee wa kanisa wameoa wasichana gani, na nani aliwatolea ng'ombe. Ni haki yao kuuliza, na wazee wajiandae kujibu.