Tariq Alikuwa Akisema na Nani?

Kwa miaka mingi nimewasomesha Kiarabu vijana wa hapa pwani, na kila tufikapo kwenye balagha mfano wangu huwa ni ule ule: hotuba ya Tariq bin Ziyad kwa askari wake, alipovuka bahari kuingia Andalus mwaka wa 92 wa Hijra, yaani 711. Jabali aliloshukia lingali na jina lake, Jabal Tariq, ambalo Wazungu walilitamka hata likawa Gibraltar.

Somo lenyewe lilikuwa jepesi. Wanafunzi huihifadhi hotuba, kisha tukaichambua vipande vipande. Hapa pana swali lisilotaka jibu, anapowauliza watakimbilia wapi hali bahari iko nyuma na adui yuko mbele. Pale pana tashbihi, anapowafananisha na mayatima kwenye karamu ya mabahili. Na kote mna saji, vituo vinapokezana vina. Mwenye kuvitaja vyote alipata alama zake, basi.

Hata siku moja kijana mmoja, wala si katika wale wakaao mbele, akaniuliza: "Maalim, Tariq si alikuwa Mberberi, na jeshi lake karibu lote Waberberi? Kiarabu hiki ambacho sisi twakitafutia kamusi, wao walikifahamu vipi?" Nikamwambia akae, asitupotezee wakati.

Usiku ule sikulala vizuri. Vitabu vyetu wenyewe vyasema kuwa balagha ni maneno fasaha yanayolingana na hali ya msikilizaji. Kijana ameuliza habari ya msikilizaji, nami mwalimu wa balagha nimemnyamazisha!

Nikarejea vitabuni. Ibn Abd al-Hakam wa Misri, aliyefariki 871, ameieleza safari ya Tariq, walakini hotuba hii hana. Hiyo tunayoihifadhisha imeenea zaidi kwa kitabu cha al-Maqqari, aliyefariki 1632, miaka zaidi ya 900 baada ya tukio lenyewe. Wanazuoni wengi wa leo wanaona kuwa waandishi wa baadaye ndio walioipamba.

Rafiki yangu mmoja, naye ni mwalimu, alinilaumu kwamba nawavunjia watoto shujaa wao. Sikubaliani naye. Hakuna anayekataa kwamba Tariq alivuka, wala kwamba mfalme Ludhriq alishindwa. Bila shaka na askari wake alisema nao, huenda kwa lugha yao. Na kuuliza neno limepokewa na nani kutoka kwa nani si ukaidi tulioletewa na Wazungu. Hiyo ni sanad, na wanachuoni wa hadithi waliishika kazi hiyo kwa ukali ambao sisi tumeusahau.

Tena ukiuliza hivyo, hotuba haipungui, bali huzidi. Al-Maqqari, mtu wa Tlemcen, alikiandika kitabu chake Misri wakati Andalus imekwisha kupotea. Granada ilianguka 1492, na kuanzia 1609 hadi 1614 waliosalia, ambao walikwisha kulazimishwa ubatizo, walifukuzwa Uhispania, wengi wao wakavushwa bahari ile ile kurudi Maghrib. Sasa lisome tena lile swali la kukimbilia wapi, ukimfikiria msomaji ambaye babu yake alifukuzwa. Kwa askari lilikuwa neno la kutia moyo. Kwa huyu ni msumari. Miaka yote niliyosomesha, jambo hili sikuwahi kulitaja darasani.

Na lingine nililokuwa nikilipita upesi: khatibu yule haahidi thawabu peke yake, huahidi na ngawira, tena kwa maneno matamu kuliko mengine. Mwanafunzi aone jinsi mambo mawili hayo yalivyofungwa pamoja, maana wenye kuyafunga hivyo wako hata leo kwenye majukwaa.

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu, na watungaji wa mitihani pia, wasitosheke na orodha ya tashbihi na istiara. Waulize nani asema, na nani asikia, nani aliyeandika, na wakati gani.

Yule kijana sikumtaka radhi mbele ya wenzake, na ilinipasa. Amekwisha maliza masomo. Mwaka huu nimeliandika swali lake ubaoni kabla ya kuwagawia wanafunzi hotuba yenyewe, na saa nzima ilikwisha hatujafika kwenye saji.