Rangi ya Tegu na Nyumba Anamoingia

Tegu ni mjusi mkubwa wa Amerika ya Kusini. Mswahili akimwona kwa mara ya kwanza atamwita kenge, na kwa umbo hatakuwa amekosea sana, ingawa koo zao ziko mbali. Anayefugwa zaidi ni tegu mweusi na mweupe wa Argentina, ambaye hupita urefu wa mita moja na huweza kuishi miaka 15 hadi 20. Nchini Marekani, ambako ufugaji wake majumbani umeenea, mweusi na mweupe hatoshi tena. Wanatafutwa wekundu, wa buluu na, zaidi ya wote, wenye ualbino. Na bei hupanda kadiri rangi inavyokuwa adimu.

Jarida la afya lina sababu ya kulitazama soko hili. Familia nyingi zinazozungumza Kiswahili zimehamia Marekani, na vijana wao wanakua pamoja na wenzao wanaofuga nyoka na mijusi. Siku mnyama huyo anapoletwa nyumbani, huwakuta humo watoto wachanga, wazee na wagonjwa. Mnunuzi huuliza rangi kwanza, kisha bei, na mara nyingi huishia hapo. Swali la nani anaishi katika nyumba hiyo, ambalo lilistahili kutangulia yote, mnunuzi haliulizi, muuzaji haliulizi, na hata katika kliniki ni nadra kuulizwa.

Rangi yenyewe ni bidhaa ya mashaka. Kinda la tegu wa Argentina huanguliwa likiwa na kichwa cha kijani kinachong'aa, na kijani hicho hufifia linapokua. Kinda la tegu mwekundu halina wekundu wa wazazi wake. Wekundu hukolea kwa umri. Picha iliyopigwa mara tu mjusi alipomaliza kujivua ngozi, chini ya taa kali, huweza kuifanya rangi ya kijivu ionekane buluu. Tena tegu hutaga kwa msimu, na wafugaji wengi hupokea amana kabla mayai hayajaanguliwa. Anayelipa wakati huo amenunua ahadi. Ushahidi wenye uzito ni picha za wazazi wote wawili wakiwa wamekomaa, zilizopigwa kwenye mwanga wa jua, pamoja na tarehe ya kuanguliwa na kumbukumbu za ukoo. Wafugaji waaminifu wapo na hutoa haya bila kinyongo. Lakini katika msafara wa mamba, na kenge wamo.

Ualbino wa tegu hurithiwa kwa njia ileile ambayo wahudumu wa afya huwaeleza wazazi wa watoto wenye selimundu: jeni lazima itoke kwa baba na kwa mama. Wabebaji wawili wakipandishwa, kila yai lina nafasi moja kati ya nne ya kutoa kinda lenye ualbino. Miongoni mwa makinda yanayobaki, yenye rangi ya kawaida, kwa wastani mawili kati ya matatu ni wabebaji. Ndiyo maana matangazo hutaja asilimia 66, na mteja asiyejua hesabu hiyo hudhani ameonyeshwa sifa ya mnyama aliye mbele yake. Njia fupi ya kuipata rangi adimu ni kupandisha ndugu kwa ndugu, au mzazi kwa mtoto wake. Kwa hiyo swali la uhusiano wa wazazi si la udaku. Tegu mwenye ualbino, ambaye macho yake hayana rangi ya kuyakinga, huhitaji kivuli cha kutosha. Lakini naye, kama tegu wengine, huhitaji mionzi ya urujuanimno ili mwili utengeneze vitamini D. Akikosa mionzi hiyo na kalsiamu, mifupa hulainika na miguu hupinda, kama matege ya watoto.

Asili ya mnyama nayo iulizwe. Tanzania inaufahamu msiba unaoletwa na tamaa ya rangi: mjusi mdogo wa buluu wa msitu wa Kimboza, mkoani Morogoro, alikamatwa kwa wingi kwa ajili ya wafugaji wa ng'ambo hadi biashara ya kimataifa ya wale wa porini ikapigwa marufuku. Tegu aliyezaliwa katika mikono ya mfugaji hapunguzi hazina ya msitu wowote. Sheria nazo hutofautiana kati ya jimbo na jimbo. Florida, ambako tegu waliotoroka au kuachiwa wamezaliana porini na kula mayai ya ndege na ya kobe, iliwaweka katika orodha ya wanyama waliokatazwa mwaka 2021.

Lakini hata tegu mwenye ukoo safi na kibali kamili huweza kubeba salmonela tumboni bila dalili yoyote. Huitoa kwa vipindi katika kinyesi, hivyo kipimo kimoja kisichoonyesha bakteria si hakikisho, na muuzaji anayedai kuwa mijusi wake hawana salmonela kwa sababu wamezaliwa kizimbani asiaminiwe. Mtoto mchanga huambukizwa bila kumgusa mnyama: kwa mikono ya mzazi, kwa sakafu anayotambaa, kwa sinki lililooshewa bakuli la mjusi kisha chupa ya maziwa. Kwa mtoto wa umri huo, bakteria hao huweza kuingia katika damu na kusababisha homa ya uti wa mgongo. Kwa mgonjwa wa selimundu, salmonela ni miongoni mwa visababishi vikuu vya maambukizi ya mifupa, na maumivu yake huweza kudhaniwa kuwa ni yaleyale ya kila mara.

Hapo ndipo mhudumu anapohitajika. Kuuliza kama nyumbani kuna mjusi, nyoka au kobe huchukua muda mfupi kuliko kupima joto. Swali hilo liulizwe bila kukunja uso. Wazee wengi humwona kenge kuwa kinyaa, na kijana aliyezoea kudhihakiwa kwa ajili ya mnyama wake atajibu kwamba hakuna, na daktari ataanza kutibu gizani.

Nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka mitano, mgonjwa wa selimundu au mtu mwenye upungufu wa kinga isinunue tegu, awe wa rangi gani. Palipo na tegu tayari na mama akapata ujauzito, mnyama atafutiwe mapema mlezi mwingine au kituo kinachopokea wanyama wa namna hiyo, asiachiwe porini. Wakati anasubiri kuhamishwa, asiogeshwe katika beseni la mtoto, bakuli lake lisifike jikoni, na anayemhudumia anawe kwa sabuni kabla ya kushika chochote kingine. Na aliyekuwa akiwaza kulipa amana msimu huu anaweza kungoja mtoto akue. Mayai yatatoa tegu wengine, na wa buluu watakuwamo.