Diski Kubwa, Nafasi Pungufu

Nyumba nyingi siku hizi huhifadhi picha za arusi, sauti za wazee na nyaraka za familia katika diski ya nje. Diski imeandikwa terabaiti 4, lakini kompyuta ya Windows yasema 3.63. Je, umepunjwa?

La. Muuzaji na kompyuta hawatumii kibaba kimoja. Mtengenezaji huhesabu kwa mafungu ya 1,000, Windows kwa mafungu ya 1,024. Ndiyo maana terabaiti 1 husomeka gigabaiti 931. Mchele ni ule ule. Kipimo ndicho kilichobadilika.

Diski hiyo ya 4 ikitoa terabaiti 2 tu, hapo pana kasoro. Huenda imepangwa kwa mtindo wa zamani uitwao MBR, ambao hesabu yake hukomea hapo. Fungua programu ya Disk Management: sehemu iliyoandikwa Unallocated ndiyo nafasi yako iliyolala. Dawa ni kuigeuza diski iwe ya mtindo wa GPT. Tahadhari: programu hii haigeuzi mpaka yaliyomo yafutwe. Basi nakili kila kitu kwingine, fungua nakala uhakikishe zinasomeka, hakikisha umechagua diski iliyokusudiwa, ndipo ugeuze. Fundi akisema ataifomati tu, muulize kwanza picha zitawekwa wapi.

Diski ya terabaiti 3 ikionyesha gigabaiti 746, yamkini kasha lake la USB ni la zamani na haliwezi kuhesabu zaidi ya terabaiti 2. Badilisha kasha kabla ya kufuta chochote.

La kuogopwa zaidi ni diski bandia, ambayo huonyesha ujazo isiokuwa nao. Yasomeka terabaiti 16 kwa bei ya kutupa, kumbe ndani mna kadi ndogo. Ikishajaa, huendelea kupokea picha bila kuzihifadhi, wala haitoi onyo. Ukinunua diski, ijaribu ingali tupu kwa programu ya bure ya H2testw, ambayo huijaza kisha husoma ilichoandika. Kazi hii huchukua saa nyingi. Ianze mapema, kabla muda wa kuirudisha dukani haujapita.

Na diski yoyote, hata iliyo kamili, huweza kufa ghafula. Sauti ya bibi aliyekwisha tangulia haiwezi kurekodiwa tena. Iwekeni mahali pawili.