Waliokufa Goma Hawakupigwa Risasi

Kila vita vinapolipuka Kivu, watu wenye huruma huuliza kama madaktari wa upasuaji wameshafika. Picha tunazoletewa ni za majeruhi waliofungwa bendeji na mahema yaliyogeuzwa vyumba vya upasuaji. Ndiyo maana tumeamini kwamba aliyekimbia vita huuawa na risasi, na kwamba tiba ya dharura ni kuitoa. Imani hiyo ni potofu, na wanaoilipia ni watoto.

Turudi Goma, mashariki mwa Kongo, Julai 1994. Kwa siku chache tu, mamia ya maelfu ya Wanyarwanda walivuka mpaka wakatua kaskazini mwa Ziwa Kivu, juu ya mwamba wa volkano ambao jembe haliingii. Vyoo havikuchimbika. Makaburi nayo hayakuchimbika. Watu walichota maji ya ziwa lilelile lililokuwa likichafuliwa na umati. Kipindupindu kikaingia, kikafuatwa na kuhara damu. Watafiti waliofanya kazi huko walikadiria kwamba mwezi wa kwanza pekee walikufa karibu watu 50,000, na sehemu kubwa mno ya vifo hivyo ilitokana na kuharisha. Najua wapo wanaosema kati ya wakimbizi wale walikuwamo wauaji wa mauaji ya kimbari ya Rwanda. Ni kweli walikuwamo. Lakini mtoto wa miaka miwili aliyekauka maji mwilini hakumwua mtu.

Na dawa yake ilikwishajulikana. Mwaka 1971, wakimbizi wa Bangladeshi walipofurika Bangaon, India, dripu zilimwishia daktari Dilip Mahalanabis huku wagonjwa wa kipindupindu wakilala hadi sakafuni. Akachanganya glukosi, chumvi na bikaboneti ndani ya maji safi, akawaachia ndugu wa wagonjwa wawanyweshe kwa vikombe. Vifo vilivyokuwa vikikaribia asilimia 30 vikashuka chini ya asilimia 4. Mama mwenye kikombe alifanya kazi ambayo sisi bado tunadhani ni lazima ifanywe na mtaalamu aliyeshuka kwenye ndege.

Siwadharau wapasuaji. Wapiganaji wa kundi la waasi la M23 walipoiteka Goma Januari 2025, hospitali ya Ndosho ilifurika majeruhi, na wengi wao wako hai leo kwa sababu ya mikono ile. Ninachopinga ni kuhesabu huduma hiyo pekee kuwa ndiyo dharura, kisha maji, vyoo na chanjo tukaviita maendeleo yatakayosubiri amani. Februari mwaka huohuo kambi za Bulengo na Lushagala zilivunjwa, watu wakatakiwa warudi makwao. Mabomba, vyoo na zahanati zao vikabaki nyuma. Habari ile ilipita haraka, maana haikuwa na damu ya kuonesha.

Viwango vya kimataifa vya misaada viko wazi: angalau lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, na choo kimoja kwa watu 20 hali ikishatulia. Surua ichanjwe mapema kwa watoto wa kuanzia miezi sita, hata waliokwisha kuchanjwa. Kisha kuna jambo lisilozungumzwa kabisa: wengi waliokimbia hawako kambini, wako kwa shangazi na kwa majirani wa kijiji cha pili. Mtoto akishikwa na malaria usiku, wanampeleka kwenye kituo cha afya cha kawaida, na huko Kongo vituo vingi hudai ada. Mama aliyekimbia na kanga moja ataitoa wapi? Kwake, kufutiwa ada hiyo ni huduma ya dharura sawa na upasuaji.

Safari ijayo bakuli la mchango likipita msikitini, kanisani au kwenye simu yako, toa. Lakini muulize anayekusanya: kila mtu anapata maji lita ngapi kwa siku, choo kimoja kinatumiwa na watu wangapi, na mgonjwa anatozwa shilingi ngapi?